Hesabu ya Nyumba ya Kupangisha Kabla ya Kuweka Hati Rehani

Mtumishi anapokaribia kustaafu, mkulima anapouza mpunga kwa bei nzuri, au mfanyabiashara anapofunga mwaka kwa faida, wazo linalomjia mapema ni kujenga vyumba vya kupangisha. Wazo hilo halina ubaya. Chumba hakifi kwa kideri kama kuku, hakiozi kama nyanya, na mwenyewe anaweza kupita kila asubuhi akakiona. Tatizo huanza pale hesabu inapofanywa kwa kuzidisha idadi ya vyumba na pango la mwezi, kisha jumla hiyo ikachukuliwa kuwa ndiyo mapato. Kwa hesabu ya namna hiyo, jengo hukwama likiwa boma lisilo na bati. Likijengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na nyumba ya familia, hasara haiishii kwenye jengo jipya. Hufika hadi mlango wa nyumba wanamolala watoto.

Mpangaji ni nani

Swali la kwanza si la tofali wala nondo, ni la mpangaji. Katika Wilaya ya Mvomero wapangaji si wa aina moja. Mzumbe, chuo kikuu kimezaa soko la wanafunzi. Hawa hupanga kwa kushirikiana, wawili au watatu katika chumba kimoja, hudai umeme na maji ya uhakika, na huondoka mwaka wa masomo unapokwisha. Mwenye chumba hapo asihesabu miezi kumi na miwili. Ahesabu tisa au kumi, isipokuwa kama mkataba wake unalipisha mwaka mzima na wanafunzi wameukubali. Turiani, Kiwanda cha Sukari cha Mtibwa hukusanya vibarua na mafundi wakati wa kusaga miwa, na shughuli hupungua masika yanapoingia. Dakawa, iliyo kando ya barabara kuu iendayo Dodoma na jirani na mashamba ya mpunga, ina wafanyabiashara wadogo na watu wa usafirishaji. Kisha wako walimu, wauguzi na maofisa ugani waliotawanyika katika kata. Kundi hili huenda likalipa pango dogo kuliko wanafunzi watatu waliochangiana, lakini hulipa kwa mshahara na aghalabu hukaa mwaka baada ya mwaka.

Anayetaka kujua soko la mahali asiulize dalali peke yake. Dalali hulipwa chumba kinapopata mtu, hivyo bei anayoitaja huelekea kuwa ile anayoitamani. Inafaa zaidi kuwauliza wapangaji watatu wanalipa kiasi gani hasa, na wenye nyumba watatu chumba chao cha mwisho kilikaa tupu muda gani. Njia nyingine isiyogharimu kitu ni kupita mtaani saa moja usiku, taa zinapowaka, na kuhesabu milango iliyofungwa kwa kufuli upande wa nje kwa siku kadhaa mfululizo. Mtaa wenye vyumba vingi vya giza umekwisha kutoa jibu, hata kama vibao vya bei vinasema vingine.

Kinachobaki mkononi

Chukua mfano wa vyumba sita vya kawaida vyenye choo na bafu la pamoja. Tuseme kiwanja kimenunuliwa kwa Sh. 6,000,000 na ujenzi, pamoja na kuvuta umeme na maji, umegharimu Sh. 42,000,000. Jumla ni Sh. 48,000,000. Kila chumba kinapangishwa kwa Sh. 60,000 kwa mwezi. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja ataweka za mahali pake, lakini utaratibu ni ule ule.

Kwa makadirio ya haraka, vyumba sita huingiza Sh. 360,000 kwa mwezi, sawa na Sh. 4,320,000 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 9 ya fedha iliyowekwa, na watu wengi huishia hapo wakifurahi. Sasa makato yaanze. Kila chumba kikikaa tupu mwezi mmoja na nusu kwa mwaka, Sh. 540,000 hazipo, na zinabaki Sh. 3,780,000. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, nayo hukokotolewa kwenye pango lililolipwa, si kwenye faida. Hiyo ni Sh. 378,000, na zinabaki Sh. 3,402,000. Matengenezo yakitengewa asilimia 1 tu ya gharama za ujenzi, yaani kitasa, bomba, rangi, bati lililotoboka, huondoka Sh. 420,000. Kodi ya pango la ardhi, kodi ya majengo, usafi na kunyonya choo vikichukua Sh. 282,000, kinachobaki mkononi ni Sh. 2,700,000 kwa mwaka, au Sh. 225,000 kwa mwezi.

Asilimia 9 imekuwa asilimia 5.6. Na katika hesabu hii hakuna mpangaji aliyehama usiku akiwa na deni la miezi mitatu.

Kiasi hicho si cha kudharau, lakini kinapaswa kulinganishwa na njia nyingine za kuweka fedha. Hatifungani za Serikali za muda mrefu, ambazo mwananchi anaweza kuanza kununua kwa Sh. 1,000,000, zimekuwa zikitoa riba inayozidi asilimia 10 kwa mwaka, bila bomba kupasuka. Kinachoitetea nyumba ni mambo mawili: pango huweza kupanda bei za vitu zinapopanda, na ardhi iliyo mahali pazuri huongezeka thamani. Izingatiwe kwamba kinachopanda thamani ni ardhi. Jengo lenyewe huchakaa, na lisipokarabatiwa hushusha hata bei ya kiwanja kilicho chini yake. Kwa hiyo anayejenga vyumba mahali ambako ardhi haitafutwi na mtu, akitumaini kupona kwa thamani ya baadaye, ana tumaini moja tu, nalo ni lile la asilimia 5.6.

Mkopo

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Tuseme mwenye mradi ule ana Sh. 28,000,000 zake na anataka kukopa Sh. 20,000,000 zilizobaki kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia Sh. 3,400,000 kabla ya salio kuanza kupungua. Vyumba vyote sita, baada ya makato, vinaleta Sh. 2,700,000. Maana yake ni kwamba pango halitoshi kulipa hata riba, achilia mbali deni lenyewe. Mkopo huo ukilipwa kwa miaka mitano, rejesho la kila mwezi ni takriban Sh. 497,000, ukirefushwa hadi miaka kumi, ni takriban Sh. 348,000. Nyumba inatoa Sh. 225,000. Tofauti italipwa kutoka kwenye mshahara, dukani au shambani, na kama hakuna mshahara wala duka, italipwa na dhamana.

Kanuni inayotokana na mfano huo ni nyepesi: ikiwa riba ya mkopo ni asilimia 17 na nyumba inazalisha asilimia 5.6 ya gharama yake, kila shilingi iliyokopwa inaongeza mzigo badala ya faida. Mkopo hauwezi kuwa injini ya mradi wa aina hiyo. Unaweza tu kuwa mkono wa kumalizia kazi ambayo sehemu kubwa imekwisha kulipiwa.

Ukubwa unaostahimilika unaweza kukokotolewa. Kama mwenye vyumba hivyo angekopa Sh. 7,000,000 tu kwa ajili ya bati, milango na plasta, kwa riba na muda wa miaka mitano ule ule, rejesho lingekuwa takriban Sh. 174,000 kwa mwezi. Pango lingelilipa na kubakiza kidogo. Hata mwaka ambao kila chumba kimekaa tupu miezi mitatu, mapato baada ya makato yangekuwa takriban Sh. 184,500 kwa mwezi, nalo rejesho lingepatikana kwa taabu. Kipimo hiki cha mwaka mbaya ndicho kinachofaa kutumiwa kabla ya kusaini, kwa kuwa mwaka mzuri haumfilisi mtu.

Lipo pia suala la namna riba inavyokokotolewa, na hapa wakopaji wengi huumia bila kujua. Wakopeshaji wawili wanaweza kutaja asilimia 17 ile ile na wakamaanisha vitu viwili. Wa kwanza hutoza riba kwenye salio, na salio linapopungua riba nayo hupungua, kwa Sh. 7,000,000 za miaka mitano, mkopaji atarejesha jumla ya takriban Sh. 10,440,000. Wa pili hutoza riba kwenye kiasi cha awali kwa miaka yote mitano, kana kwamba hakuna kilicholipwa. Jumla inakuwa Sh. 12,950,000. Tofauti ni zaidi ya Sh. 2,500,000, bei ya bati na mbao za paa la nyumba ndogo. Swali la kumuuliza ofisa mikopo si riba ni asilimia ngapi. Aulizwe jumla ya fedha zote zitakazorejeshwa hadi siku ya mwisho, pamoja na ada ya maombi, bima na gharama za kuthaminisha na kusajili rehani, na jibu lake liandikwe.

Mikopo ya nyumba ya muda mrefu ipo nchini. Sheria ya mwaka 2008 kuhusu mikopo ya nyumba iliifungulia njia, na mwaka 2010 ilianzishwa TMRC, kampuni inayoyapa mabenki fedha za muda mrefu ili nayo yaweze kukopesha kwa miaka mingi. Hata hivyo mikopo hiyo huelekea zaidi miji mikubwa, kwa wenye mishahara inayothibitika na hati zilizosajiliwa. Wilayani, wengi hutegemea mkopo unaokatwa kwenye mshahara, SACCOS, au kikundi cha kuweka na kukopa. Mtumishi wa umma akumbuke kuwa anapaswa kubakiwa na angalau theluthi moja ya mshahara wake; aliyekwisha kukatwa theluthi mbili kwa madeni mengine hana nafasi ya kuziba pengo la pango. Ama mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, hiyo imekusudiwa miradi ya kiuchumi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mwanakikundi anayeichepusha kujenga chumba chake anawaachia wenzake deni.

Mwenye Sh. 28,000,000 hana sababu ya kukata tamaa. Kwa gharama za mfano huu, kila chumba ni Sh. 7,000,000. Anaweza kununua kiwanja, kumwaga msingi unaoruhusu jengo kurefushwa, na kukamilisha vyumba vitatu bila deni. Vitatu vilivyokamilika na vyenye watu huleta karibu Sh. 1,350,000 kwa mwaka, ilhali sita visivyo na paa havileti kitu na mvua huanza kula tofali. Ni kweli kwamba kwa pango hilo peke yake chumba cha nne kitachukua miaka mitano, na hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Akiongeza akiba ya mavuno au mshahara, muda hufupika. Mchanganuo wa gharama uandaliwe na mtaalamu kwa hatua: msingi, kuta hadi lenta, paa, umaliziaji. Fundi alipwe kila hatua inapokamilika, si kwa mkupuo.

Hati, mwenza na kibali

Dhamana inayokubalika kwa wepesi zaidi ni hati miliki ya ardhi iliyopimwa, ambayo chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 hutolewa kwa vipindi kama miaka 33, 66 au 99. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Sheria Na. 5 ya mwaka huo huo, na mwanakijiji anaweza kupata hati miliki ya kimila. Baadhi ya wakopeshaji huipokea, wengine hawaipokei, hivyo iulizwe mapema kabla ya kuitegemea. Anayenunua kiwanja katika ardhi ya kijiji asiridhike na karatasi iliyosainiwa na muuzaji na mashahidi wawili. Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha uhamisho, na muhtasari wa kikao kilichoridhia ndio ushahidi wa kutunzwa.

Nyumba ya familia haiwekwi rehani na mtu mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zote zinataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya wanandoa haijafungwa kwa deni. Sharti hili baadhi ya watu huliona kama usumbufu wa karatasi, na wako wanaomletea mke au mume fomu ya kusaini dakika ya mwisho bila kumweleza kilichomo. Mwenza aonyeshwe hesabu yote, pamoja na ile ya mwaka mbaya, kwa kuwa notisi ya kushindwa kulipa ikija, mnada hauchagui vitu vya nani vitolewe nje.

Ujenzi wowote katika maeneo ya mji na yaliyopangwa unahitaji kibali cha ujenzi kutoka Halmashauri kabla ya kuchimba msingi. Mwombaji huwasilisha uthibitisho wa umiliki na michoro ya jengo. Jengo lililosimama bila kibali, au lililoingia kwenye hifadhi ya barabara au ya mto, linaweza kuwekewa alama na kuvunjwa, na hakuna mthamini atakayelipa thamani ya maana. Kuhakiki kiwanja katika Idara ya Ardhi kabla ya kukilipia huchukua siku chache. Kesi ya kiwanja kilichouzwa mara mbili huchukua miaka.

Mkataba

Tangu Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ilipofutwa mwaka 2005, pango na muda wa kulipa ni suala la makubaliano, na ndiyo sababu mazoea ya kudai miezi sita au mwaka mzima mkupuo yameenea. Mwenye nyumba huyapenda, lakini yana gharama yake. Mwalimu mpya aliyeripoti kituoni hana fedha za miezi sita, na chumba kinachomngoja mwenye nazo hukaa tupu. Malipo ya miezi mitatu kwa mpangaji mwenye mshahara mara nyingi huleta zaidi kwa mwaka kuliko sita kwa mpangaji asiyepatikana.

Mkataba uwe wa maandishi, ulipiwe ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka, na utaje mambo yanayogombanisha watu: nani anatengeneza nini, notisi ni ya muda gani, fedha ya dhamana inarudishwa lini. Umeme ni chanzo kikubwa cha ugomvi katika nyumba za mita moja, na mita ndogo kwa kila chumba hujilipa kwa amani inayoleta. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, hivyo anayenunua umeme, ambaye aghalabu ni mpangaji, hujikuta akiilipa. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, na mkataba useme itafidiwa vipi, kwa kupunguza pango au kurejesha fedha taslimu.

Mpangaji akishindwa kulipa, mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua bati wala kutupa vyombo nje. Mgogoro hupelekwa kwanza katika Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi ukishindikana shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko, mwenye mkataba uliolipiwa stempu na daftari la stakabadhi huwa na kitu cha kuonyesha.